Malalamiko Dhidi ya Joka Lililovuka Lango la Tano Bila Kibali

Fortunata Simbeye,
Wakala wa Forodha,
Kontena la Bluu, mkabala na maegesho ya malori,
Tunduma.

15 Septemba 2025

Kwa Mhariri,
Katuni ya Vizuizi Saba,
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

YAH: OMBI LA KULIRUDISHA JOKA KWENYE FOLENI, PAMOJA NA MCHORAJI WAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa ofisini kwako. Huku Tunduma hatujambo, vumbi lipo la kutosha na malori hayajapungua. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kuwatayarishia watu hati za mizigo inayokwenda Zambia na inayotoka huko. Sijawahi kuandikia jarida lolote. Niliwahi kuandikia ofisi ya kata kuhusu mtaro ulioziba, na mtaro ukazibuliwa, kwa hiyo nina imani na barua iliyofuata utaratibu.

Nalalamikia toleo lenu la nne. Ukurasa wa kumi na tisa, joka liitwalo Mkaa linamchoma moto Bibi Muhuri, Mlinzi wa Lango la Tano, kisha linapita langoni na kwenda zake bila karatasi hata moja. Bibi Muhuri ni mimi.

Usiikunje barua, Ndugu Mhariri. Sijapigwa na jua. Nitaeleza tangu mwanzo, maana naona hata nyinyi mnaouza hadithi hii hamjui ilikotoka.

Kwenye jalada la ndani mmeandika kwamba nchi ya Vizuizi Saba "imetokana na mchezo wa mezani". Maneno matano tu. Meza hiyo ni yangu. Iko ndani ya kontena la bluu ambalo ndilo ofisi yangu, na mguu wake mmoja mfupi umeinuliwa kwa kitabu cha zamani cha viwango vya ushuru. Miaka minne iliyopita dereva Gibson, Mzambia anayebeba shaba kutoka Kitwe kwenda Dar es Salaam, alikwama kwenye foleni siku sita, akaingia kwangu kutafuta kivuli akiwa na dadu mfukoni. Si dadu ya kawaida. Ina pande ishirini, alipewa na mpwa wake anayesoma Ndola. Mchezo wenyewe hauna karata wala kete. Mmoja anasimulia nchi isiyokuwapo. Wengine kila mmoja anachagua kuwa mtu fulani wa nchi hiyo na kusema anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu inarushwa. Ukipata namba kubwa umeshinda, ukipata moja, pole yako.

Msimulizi akawa Faudhia, binti aliyekuwa akibadilisha kwacha za Zambia na shilingi mlangoni kwangu, kwa sababu siku hizo alikuwa na maneno mengi kuliko wateja. Gibson akawa Askari Asiyelala. Mzee Bugalama, mfugaji wa huko Momba aliyekuja kuulizia vibali vya mifugo yake, alisema yeye hajui michezo, atakaa kutazama tu, na ilipofika saa kumi alikuwa na ng'ombe arobaini wenye mabawa. Mimi nikaulizwa nataka kuwa nani katika nchi yenye falme, mazimwi na mapanga ya moto. Nikasema nataka kuwa wa getini. Walicheka sana. Lakini penye falme saba pana mipaka, penye mpaka pana geti, na geti lisilo na mtu ni tundu kwenye ukuta.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi mchana ambayo Gibson alikuwa amekwama kwenye foleni, tulicheza. Mungu anisamehe. Mimi niliyekabidhiwa mizigo ya watu ili ipite haraka, nilikuwa naombea foleni irefuke.

Faudhia alikuwa anayachora yaliyotokea, kwa penseli, nyuma ya fomu zangu zilizoharibika. Gibson ndiye aliyeibeba michoro hiyo hadi kwenu, chini ya godoro la kitanda cha lori. Mkaipenda. Kuipenda si kosa, nami ningewashangaa kama msingeipenda. Makosa yenu ni haya yafuatayo.

1. KIUNO. Bibi Muhuri amekalia kiti cha Lango la Tano miaka thelathini. Anakula makande, anakula viazi, anainuka tu kwenda kukagua. Faudhia alimchora hivyo tangu siku ya kwanza: mtu mpana, miwani yake imefungwa kwa uzi. Katika matoleo yenu, watu wenu wa kupaka rangi wamempa kiuno cha nyigu na viatu vya visigino. Mume wangu Isaka aliona ukurasa ule akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza huyu ni mdogo wangu yupi. Naomba nijulishwe kwa maandishi kiuno hicho kilipatikana wapi, na kama mwenye kiuno chake ana habari.

2. NG'OMBE. Mzee Bugalama hana mazoea ya katuni, lakini nilimwonyesha. Alitazama muda mrefu. Ng'ombe wake wa mabawa wana nundu, wana rangi ya udongo, na kila mmoja ana jina lake na tabia yake. Nyinyi mmewapaka madoa meusi na meupe na kuwaondoa nundu, wamekuwa kama wale wa kwenye pakiti ya maziwa. Akaniuliza, "Mama, hawa mabawa ya nini? Hawa si wanafungwaga ndani?" Mabawa mzee aliyakubali miaka minne iliyopita bila shida yoyote. Nundu ndiyo iliyomuuma.

3. ADABU. Joka Mkaa lilifika Lango la Tano mwezi wa tatu. Faudhia akilisemea alikuwa anaishusha sauti mpaka chini kabisa, na neno la kwanza lilikuwa, "Shikamoo, Bibi Muhuri." Nami naitika marahaba, kisha naomba karatasi. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo. Joka refu kuliko foleni ya malori, lenye uwezo wa kuunguza wilaya nzima kabla ya chakula cha mchana, halikuwahi hata siku moja kupitiliza salamu. Katika toleo lenu la nne linakuja, linanguruma herufi kubwa kurasa mbili, linachoma mtu mzima. Ndugu Mhariri, hata joka lina mama yake.

4. FOLENI. Hapa naomba unielewe, maana hapa ndipo nilipoiweka katuni chini nikatoka nje kupunga upepo. Tangu mwezi wa tatu hadi wa saba tulicheza Jumamosi kumi na moja joka likiwa limesimama kwenye foleni ya Lango la Tano, nyuma ya mkokoteni wa chumvi. Jumamosi kumi na moja! Nyinyi mmezimaliza kwa kisanduku kimoja chenye maneno, "Baada ya kungoja kidogo." Ni nani kati yenu amewahi kungoja kwenye mpaka? Mtu aliyewahi kungoja hawezi kuandika "kidogo".

Kwa faida ya wasomaji mliowanyima, nitaeleza. Joka lilikuja na fomu. Fomu yenyewe ilikuwa ya kweli, moja ya zile zilizoharibika, na Faudhia aliijaza kwa mwandiko wa kucha. Jina: Mkaa. Uendako: Ng'ambo. Mzigo: hakuna. Nikasimama hapo hapo. Hakuna vipi, na tumboni kuna moto? Moto ni mzigo hatarishi. Unataka kibali chake, unataka alama ya rangi ya machungwa ubavuni, unataka na mtungi wa kuzimia. Faudhia akasema moto ule ni mafuta ya safari, sawa na dizeli iliyo kwenye tangi la Gibson, nayo haiandikwi. Nikasema dizeli ya Gibson haitapikwi juu ya watu. Gibson akapiga meza. "Bamayo, awe! Sasa lori langu likikohoa mtaandika na moshi?" Bamayo ndivyo wenzetu wa ng'ambo wanavyomwita mama kwa heshima, na awe ni kukataa, kwa hiyo alikuwa ananikatalia kwa heshima.

Ndipo Mzee Bugalama akauliza taratibu, "Ng'ombe akivuka ana majani tumboni, hayo majani mnayaandikaga?"

Swali hilo lilitupeleka Jumamosi tatu. Watu walikuwa wanasimama mlangoni kusikiliza. Tabita wa kontena la jirani, wakala mwenzangu, mtu asiyepoteza dakika yake kwa upuuzi, aliingia kuazima stepla akakaa mpaka jioni akilitetea joka. Kila mwisho wa mchezo nilirusha dadu ili ijulikane kama Bibi Muhuri anaweza kuendelea kulizuia. Nilihitaji tisa kwenda juu. Mara kumi mfululizo niliipata. Sikuwa na haraka.

Hiyo ndiyo hadithi, Ndugu Mhariri. Mapanga ya moto yako kila mahali. Joka linalobishana kuhusu kibali cha tumbo lake mtalipata wapi tena?

5. DADU. Sasa nafika kwenye kifo. Jumamosi ya kumi na moja, tarehe 19 Julai, nilirusha dadu kama kawaida. Ilitulia kwenye namba halali, na namba hiyo niliiona kwa macho yangu. Wakati huohuo lori la tani thelathini lilikuwa linarudi nyuma likagusa uzio wa Tabita, kelele zikapigwa, wote mezani wakageukia dirishani. Mtikisiko wa lori lile ukaigeuza dadu. Walipotazama tena, ilikuwa moja. Faudhia aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kwa sheria za mchezo, moja haina rufaa, hivyo ilibidi joka lipumue, na Bibi Muhuri akawa majivu juu ya kiti chake.

Shahidi wa ile namba ya kwanza ni mimi peke yangu. Lakini nimekuwa kwenye kazi hii miaka ishirini na miwili na sijawahi kutia sahihi tamko la uongo.

Hoja yangu basi ni nyepesi. Dadu iliyogeuzwa na lori si dadu. Kama si dadu, Bibi Muhuri hakuchomwa. Kama hakuchomwa, yuko getini mpaka leo, amevaa miwani yake, na joka halijavuka. Na kama joka halijavuka, kila mlichochapisha kuanzia ukurasa wa ishirini ni mzigo wa magendo, nanyi mmeupokea.

6. FAUDHIA. Mwezi wa tano mlimwandikia binti huyu aje Dar es Salaam, mumpe meza yake, karatasi nyeupe pande zote mbili, na kazi ya kuchora ya kudumu. Mkampa muda hadi mwisho wa Julai. Barua yenu alinisomea mara mbili, kisha akaikunja akaiweka kwenye mkoba wa kwacha. Akaniambia, "Mama Brayan, siwezi kuliacha joka langoni. Likivuka, nitaenda." (Brayan ni mwanangu wa kwanza, anafundisha Ileje, hahusiki na barua hii.) Niliendelea kubana karatasi ambazo zilikuwa zimeshabanwa.

Sasa unaona uzito wa dadu ile. Joka lilivuka Jumamosi. Jumanne asubuhi Faudhia akapanda basi.

Lakini ukifuata hoja yangu ya tano bila kuruka hatua, utakubali kwamba kama joka halijavuka, Faudhia naye hajaondoka. Kwa utaratibu, yupo Tunduma. Huyo mliye naye hapo, anayekunywa chai yenu na kuchora karibu na feni, amesafirishwa kwa makosa, na kilichosafirishwa kwa makosa hurudishwa kilikotoka kwa gharama ya aliyekipokea. Sikuitunga mimi kanuni hiyo, ni ya siku zote.

Mlangoni kwangu sasa anakaa mtu mwingine wa kwacha, anaitwa Gwamaka. Mtu mwema, hana ugomvi. Nilimuuliza siku moja akikutana na joka atafanya nini, akasema atakimbia. Mazungumzo yakaishia hapo. Gibson alipita wiki iliyopita, yeye ndiye aliyeniletea toleo lenu. Foleni ilikuwa ndefu, siku nne nzima, foleni nzuri. Alikuja Jumamosi, akanywa chai, akaitoa dadu akaiweka mezani. Mzee Bugalama naye alikuwepo. Tukaitazama wote watatu. Hakuna aliyejua nchi inaanzia wapi. Mwishowe Gibson akairudisha mfukoni, akasema anakwenda kuangalia matairi.

Namkosa yule binti. Nimeandika kwa wino, na sifuti.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo:

(a) Toleo la tano lifunguliwe kwa ukurasa wa masahihisho, Bibi Muhuri akiinuka kutoka kwenye majivu na kujikung'uta, akiwa na kiuno chake cha zamani.

(b) Joka lirudi kinyumenyume mpaka nafasi yake kwenye foleni, nyuma ya mkokoteni wa chumvi, likae hapo hadi suala la moto litakapoamuliwa.

(c) Nundu arobaini zirudishwe kwa Mzee Bugalama.

(d) Faudhia arudishwe kwa basi, apewe kiti cha dirishani, maana kona za mlima Kitonga huwa zinamchafua tumbo.

(e) Kama (d) haiwezekani, basi ofisi yenu yote ihamie Tunduma. Kontena la tatu kutoka kwangu ni tupu. Vumbi mtalizoea.

(f) Kama hata (e) haiwezekani, sitakuwa na njia ila kuweka kizuizi changu. Kila nakala ya katuni yenu itakayopitia hapa kwenda Nakonde, upande wa Zambia, nitaiandalia hati mimi mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, na moto wote uliochorwa ndani yake nitauorodhesha kama mzigo hatarishi. Mtahitaji mtungi wa kuzimia kwa kila nakala. Hilo nalisema kwa heshima zote.

Nisalimie wafanyakazi wenzako, mwenye kupika chai, na anayefagia vipande vya karatasi, maana najua Faudhia akichora anavyotupa karatasi. Watu wa kupaka rangi nao wasalimie. Hasira yangu ni kwa kiuno, si kwao. Mzee Bugalama anasalimia. Gibson anasalimia akiwa njiani. Tabita anasema joka lilikuwa na haki, lakini anasalimia.

Nasubiri majibu yako, na kwa kusubiri hakuna wa kunifundisha.

Wako wa getini,

Fortunata Simbeye (Mama Brayan)

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimeisoma barua yote upya, kama ninavyofanya kwa kila hati, na nimekuta kosa kwenye lalamiko la tano. Kontena langu limekaa juu ya matofali ya saruji tangu siku nilipolinunua, na hakuna lori lililowahi kulitikisa. Dadu ilikuwa kumi na saba. Wote walipogeukia dirishani, niliigeuza kwa kidole ikawa moja. Yule binti ana adabu, Ndugu Mhariri. Asingeondoka bila ruhusa ya getini, na mimi kwa bahati niliyokuwa nayo ningelizuia lile joka mpaka azeeke mlangoni kwangu akihesabu kwacha. Kwa hiyo futa malalamiko yote, isipokuwa nundu. Na kiuno.

Hili la dadu usimwambie. Kuna jingine la kumwambia. Siku ile kwenye kituo cha mabasi alinishika mkono akasema, "Shikamoo, Mama Brayan," nami nikajifanya nahesabu mabegi yake, wakati mabegi yalikuwa mawili tu, na sikumwitikia. Mwambie nimesema marahaba.